Jina la Kumwita Mrithi

Précieux alikuwa anakata kucha za miguu kwenye salon yangu, yaani sebuleni. Alikuwa amevua viatu bila kualikwa, ameupandisha mguu juu ya meza ndogo ninayowekea vitabu, na kila kucha iliyokatika iliruka ikatua ilipotaka: moja kwenye kitambaa, moja ukingoni mwa sahani ya bukari, ugali wa kwetu, aliyotoka kuifuta kwa kidole. Mafuta ya samaki mkavu wa Pweto yalikuwa bado yanang'aa kidevuni.

"Précieux, toa ule muguu! Weye uko muntu ao uko nguruwe?"

"Nguruwe haikatake makucha," alijibu, akacheka mdomo wazi, nami nikaona alichokuwa hajakimeza.

Basi, huyo ndiye baba yangu. Sifanyi mzaha. Ana miaka ishirini na sita, mimi nina thelathini na tisa, na kwa hesabu ya ukoo wetu yeye ndiye baba na mimi ndiye binti yake mkubwa.

Baba aliyenizaa aliitwa Numbi, fundi wa reli, mtu wa Pweto. Alifariki miaka kumi na moja iliyopita, mama akiwa ametangulia, akatuacha wawili: mimi kifungua mimba na Tracy kitinda mimba, maana wa katikati walikufa wadogo. Kwetu jina la mtu mzima haliachwi lizikwe naye. Matanga yakiisha, wazee huketi, humchagua mtoto wa dada wa marehemu, humkalisha mkekani, humpaka pemba, udongo mweupe, usoni na kumpa maji anywe. Hapo amepyana. Amechukua jina la marehemu, kiti chake na watoto wake, na kila mtu wa ukoo humwita vile alivyokuwa akimwita aliyekufa. Sisi ni Wakatoliki, misa ilisomwa asubuhi kama inavyotakiwa, lakini padri alipokwisha kwenda zake, mchana ulikuwa wa wazee. Wakamkamata Précieux, mtoto wa shangazi Brigitte, mwenye miaka kumi na mitano, amevaa shati la shule. Wakaniambia: "Estelle, baba yako njo huyu."

Nilitoka nje nikatema mate.

Tracy, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alimwita baba siku ileile, na hakuacha. Mimi sikumwita hata mara moja. Précieux aliacha shule akaenda kuchomelea vyuma kwenye barabara ya Luano, akakaa nyumba ya baba huko Katuba pamoja na shangazi na Tracy, na watu wazima wenye mvi wakaanza kumwita Papa Numbi. Mimi nilimwita Précieux. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kwangu Kampemba kula, na kila Jumapili nilimwita Précieux, kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku jikoni. Alikuwa akinitia kinyaa. Kinyaa hasa, kile cha kukunja pua. Alipuliza pua kwa vidole. Alichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti na kuirudisha njiti kwenye kisanduku. Kila nikimtazama nilikuwa nauliza wale wazee walikunywa nini siku ile hata wakamwona baba yangu ndani ya kitu kile.

Sasa njoo ucheke, kwa sababu mimi huyu nisiyeweza kumwita mtu baba, kazi yangu ni maneno ya ukoo. Ninaandika riwaya za maajabu. Miaka miwili nimekuwa nikiandika juu ya ufalme ulio chini ya ziwa, ambako watu wanapumua kwa mbavu na mwezi unashuka kunywa maji kama mbuzi. Ukutani kwangu kuna karatasi kubwa, na juu yake nimeandika kila mtu wa ufalme ule anamwita nani nini. Nilianza karatasi ile kwa hasira. Vijana huniletea miswada yao niisome, na ndani yake unakutana na malkia anayepanda radi, mwenye macho matatu, aliyeishi miaka mia nne, halafu anamwita kaka wa mama yake "tonton", kwa Kifaransa. Tonton! Kama anayetumwa kununua sigara Kamalondo. Binamu zake wanaitwa "ma kuze". Nikifika hapo huwa naufunga mswada na kwenda kunawa mikono.

Kwenye ufalme wangu hakuna tonton. Mjomba ni mjomba, na baba mdogo ni baba mdogo, kwa sababu mjomba anaweza kukuoza na baba mdogo hawezi. Kuna umbu, kuna wifi, kuna mkaza mjomba. Ukibadili neno moja tu, umebadili nani anarithi nini, nani anaruhusiwa kutaniana na nani, nani akiingia nyumbani wewe unatoka. Hayo nimewaambia vijana mara nyingi, kidole juu, na nilikuwa nikijisikia sana nikiyasema.

Jumatatu iliyofuata zile kucha nilikwenda kwa Pierre, anayenichapishia vitabu. Ofisi yake iko katikati ya mji, ghorofa ya pili, juu ya benki. Mswada wangu ulikuwa mezani kwake, umejaa alama za penseli, na alikuwa ameufungua sura ya kumi na nne. Katika sura hiyo mfalme Kapya amekufa, mtoto wa dada yake amekalishwa kitini pake, na Bwalya, binti wa mfalme, anaingia kumsalimu.

"Estelle," alisema Pierre, "ku page zote bantu bako banaitana muzuri. Apa tu njo unakimbia. 'Bwalya akamwambia mrithi. Bwalya akamwuliza mrithi.' Mrithi, mrithi, mrithi! Akiwa mbele yake anamuita nani?"

"Anamwambia tu. Hamwiti."

"Ah non. Weye mwenyewe unatupigiaka kelele juu ya ile. Kwenu, ku Pweto, banaitaka namna gani?"

"Banaitaka baba."

"Bon. Andika baba."

"Afazali nikule makucha yake," nilisema.

Pierre ni Mluba, kwao mtoto humrithi baba yake na mambo yameisha, kwa hiyo hakuelewa nilikuwa nasema makucha ya nani. Akafunua kurasa nyingine.

"Na huyu dada ya mufalme, page mia mbili. Anamupigia mutoto magoti, anamuita kaka. C'est beau, ile, iko muzuri sana. Lakini si njo mama yake ya kumuzaa? Sasa mutoto, yeye anamuita nani?"

"Mtoto hana usemi katika sura hii," nilimjibu. "Ni kiti tu kilichovalishwa nguo."

Nilipenda nilivyolisema. Hata jina sikuwa nimempa mtoto yule. Nilimwandika na makamasi na meno machafu, akila mbele ya maiti, na kila nilipomwongezea uchafu nilikuwa najua nimeutoa wapi. Pierre aliandika kitu kwa penseli, akanipa wiki moja ya kutafuta neno.

Nililipata ngazini, kabla sijafika chini. "Mwenye Jina la Baba." Lilikuwa na uzito, lilisikika la kale, lilimpa mrithi haki yake yote bila kumpa ile moja niliyokuwa namnyima. Nilitembea hadi kituo cha teksi nikilirudia mdomoni. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa.

Jumatano shangazi Brigitte alikuja nyumbani pamoja na Tracy. Shangazi ni mama wa Précieux na dada mdogo wa baba yangu, mwanamke mkavu, mwenye maneno machache. Naye alinitia kinyaa, niseme ukweli. Miaka kumi na moja nilikuwa namwona akimpigia magoti mtoto wake mwenyewe, akimwekea maji ya kunawa na kumwita yaya, yaani ndugu mkubwa, kama alivyokuwa akimwita baba yangu. Nilimwona mnafiki anayeng'ang'ania ukubwa kupitia tumbo lake.

"Batu ya David banakuya Samedi," alisema. "Banaleta mali."

David ndiye mchumba wa Tracy, mwalimu, kijana mtulivu. Tulikuwa tumemngoja alete mahari mwaka mzima.

"Weye njo kifungua mimba," aliendelea shangazi. "Unajua kazi yako. Baba atakuwa mu chumba, nyuma ya pazia. Batauliza kama bibi arusi iko na baba. Unasimama, unamuita: 'Baba, bageni balisha kufika.' Anakuitika, anatoka, mali inawekwa. Kama mutoto wa kwanza haite, bakwe banajua bibi hana baba. Banabeba bintu yabo, banarudia."

"Tracy amuite. Yeye amezoea."

"Bibi hafungulake kinywa ile siku," alisema Tracy. Alishuka kwenye kiti, akapiga magoti pale pale kwenye sakafu ambako Jumapili nilifagia kucha. "Yaya, minakulomba. Ni neno moja."

"Neno moja! Unajua huyo baba yako anafanya nini hapa kwangu? Anakula mdomo wazi. Anapuliza pua na kupaka ukutani."

Tracy alinitazama kwa mshangao. "Ile bintu, mi siyaonake. Ku nyumba anaikalaka sawasawa. Hata viatu hatoshake mbele ya bantu."

"Basi uchafu wote anauleta kwangu."

Shangazi alikuwa anatazama mikono yake. Hakuitetea damu yake, na hilo pia lilinichukiza.

"Nitamwita inavyostahili," nilisema mwishowe, na Tracy akanikumbatia miguu. Hakujua kwamba nina neno langu tayari. Nilikuwa nimeshampelekea Pierre kwa simu, naye amenisifu: "Superbe."

Jumamosi uani Katuba palifungwa hema, viti vikapangwa, na Tracy akaketishwa katikati ya salon, amefunikwa kitambaa kichwani. Watu wa David walikuja kumi na wawili. Msemaji wao aliitwa Jeannot, mzee mfupi mwenye tai nyekundu, fundi wa maneno, aliyeanza kwa kusema wamepotea njia na wanaomba maji. Tukacheka inavyotakiwa. Akasema wameona ua humu ndani na hawajui aliyelipanda. Tukacheka tena. Kisha akaacha kucheka, akauliza:

"Ile ua iko na baba?"

Nilisimama. Pazia la chumba lilikuwa hatua tatu mbele yangu. Nilijua Précieux yuko nyuma yake, amevaa suti nyeusi ya baba iliyopunguzwa mabega. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti ya juu, kama ninavyosoma kurasa zangu mbele ya watu:

"Mwenye Jina la Baba, wageni wamefika."

Nilingoja lile neno liwakae, kama linavyokaa kwenye karatasi. Jeannot alikuwa ameinamisha kichwa upande.

"Mwenye jina?" aliuliza. "Mama, siye hatukukuya kutafuta jina. Majina iko mingi ku kartye, ku mitaa yote. Tuko tunauliza baba."

"Ni yeye."

"Ni yeye nani? Ni baba yako ao haiko baba yako?"

Nilimwonyesha pazia kwa kidole. Mwanamke mmoja mzee wa upande wao alikaza kitenge chake, akachukua mkoba wake kutoka chini. "Mutoto wa kwanza anashindwa kumuita," alimwambia jirani yake bila kushusha sauti. "Tutapatia mali nani? Suti?" Kijana wao mmoja akaanza kukunja mkeka wa kuwekea mali. Chini ya kitambaa mabega ya Tracy yalikuwa yanatikisika, na David alikuwa ametazama viatu vyake kama mtu aliyetukanwa. Pazia halikusogea.

Jeannot ni mtu mzima, alitupa nafasi. "Familia muende mukasikilizane kwanza," alisema. "Siye tunangoya. Lakini hatungoye sana."

Nilipita nyuma ya pazia. Chumba kilikuwa kitupu, mlango wa nyuma uko wazi. Nilitoka mbiombio, hasira zimenijaa kichwani. Anakimbia, mpumbavu huyu, siku ya mahari ya mtoto wa watu!

Alikuwa nyuma ya jiko, mkono mmoja ukutani, anatapika. Chai na mkate vyote vilikuwa chini, vingine vimemrukia kwenye viatu na kwenye pindo la suruali ya baba. Harufu ilinifikia, nikaziba pua. Hata leo, nilijiambia. Hata leo.

"Yaya Estelle," alisema bila kugeuka.

Nilisimama. Hakuwa ameniita hivyo tangu alipokuwa na miaka kumi na mitano. Kwa desturi ilimpasa kuniita mwanangu, na kwa kuwa alijua ningemrushia sufuria, hakuwa akiniita chochote.

"Niliogopa utaniita," alisema. "Nilisikia unasema ile ingine, nikafurahi. Kisha nikasikia Tracy analia."

"Ulifurahi? Watu wanakunja mikeka yao, wewe unafurahi?"

Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu na uso umemlowa jasho.

"Ile siku ya kupyana, asubuhi, mama alinipikia chai," alisema. "Alinifunga vifungo ya shati. Akasema: 'Précieux, chana nywele.' Magaribi alinipigia magoti, akaniita yaya. Nilizani ni ya siku moja, sawa vile banafanyaka ku teatre. Kesho yake nilikuwa na homa. Nikaenda ku kitanda yake, nikasema mama. Akanifunga kinywa na mukono. 'Usiniite tena vile. Mi niko mudogo yako.' Alikuwa analia, yaya, lakini mukono hakuutoa."

Alijifuta jasho kwa kiganja.

"Niko na batoto babili, weye na Tracy. Mama sina. Muji muzima banasema Papa Numbi. Ku kazi, Papa Numbi. Ku kanisa, Papa Numbi. Ni kwako tu. Nakuyaka Dimanche, unaniambia 'Précieux toa muguu, Précieux uko nguruwe', nasikia muzuri juma yote."

"Zile kucha," nilisema.

"Nafanyaka makusudi." Alijaribu kutabasamu. "Ukinyamaza, nakata ingine. Na ile ya pua ku ukuta pia. Siku ingine weye uko unawaza kitabu yako, hauseme kitu, njo naweka mu ukuta."

Nilikwenda kukaa kwenye jiwe la kufulia. Nyani haoni kundule, wanasema, na mimi nilikuwa nimelificha langu kwa karatasi kubwa ya ukutani. Najua wifi ni nani na mkaza mjomba ni nani. Najua dada wa mfalme anamwita mrithi kaka, nililiandika mwenyewe ukurasa wa mia mbili, nikalipenda, nikaliacha hapo kama pambo. Mchapishaji aliye juu ya benki, asiye wa kwetu, aliona mara moja kwamba yule ni mama yake. Mimi nilimwambia mtoto hana usemi. Miaka kumi na moja mtoto mwenyewe alikuwa anakula mezani kwangu, na kazi niliyoifanya ni kumhesabia makamasi ili niyatie kitabuni. Shangazi nilimwita mnafiki. Kinyaa nilichokuwa nimemwekea yeye kilinigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza harufu ile ya matapishi nikaiona ni afadhali kuliko mimi. Sura ile niliichana baadaye yote, lakini kuchana karatasi si kazi.

"Basi nisikuite," nilisema. "Tutafute njia nyingine. Nitawaambia mimi ni mgonjwa. Nitawaambia mimi ni mwenda wazimu, hilo wataamini."

Maana nilijua, na yeye alijua. Kifungua mimba akishamwita mrithi baba mbele ya wakwe, jina lake la utoto limefungwa. Anayelitamka baada ya hapo amemtukana marehemu, na ukoo mzima utamjia juu. Mdomoni mwangu ndimo lilimokuwa limebaki, na mdomoni mwangu ndimo lingefia. Ndiyo sababu hapa nimeliandika kila nilipopata nafasi. Karatasi haina wakwe.

"Na Tracy?" aliuliza.

"Tracy atapata mwingine."

"Hapana." Alisema taratibu, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akinikataza kitu. "Tracy ni mutoto yangu. Nilimupelekaka ku masomo na mukono, mi nikiwa na shati ya kazi, yeye na ya masomo. Anapenda ule mwalimu. Utaniita."

Ndani tulisikia viti vikisogezwa. Jeannot alikohoa kwa nguvu, kikohozi cha kutuambia.

"Niite kwanza apa," alisema Précieux. "Ya mwisho."

Nilisimama. Nilijipangusa gauni. Nilitaka kulisema vizuri, jina hilo nililokuwa nimelifukuza kila Jumapili. "Précieux," nikasema, polepole, kwa sauti ya kanisani.

Alitikisa kichwa. "Haiko vile. Sawa vile unasemaka."

Nilimtazama. Mate yalikuwa yananing'inia mdomoni, kipande cha mkate kimeganda kwenye kola ya suti ya baba, kiatu kimoja kimeloa. Machozi yalikuwa yamenijia na kwa hiyo nilipiga kelele zaidi ya kawaida, hadi mama mmoja wa jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Précieux! Futa ile kinywa, nguruwe weye! Unanitapisha!"

Akacheka. Alicheka mdomo wazi, meno yote nje, kama mtoto aliyefumaniwa akila sukari. Nilimchovyea kona ya kitambaa changu kwenye ndoo, nikamfuta mdomo, nikamfuta kola, nikampangusa na kiatu. Alisimama wima akinipa uso. Kisha akafunga kifungo cha koti, akaingia kwa mlango wa nyuma, nami nikazunguka kwa mbele.

Walikuwa wameshabeba mikoba. Nilisimama mahali pale pale, mbele ya pazia, na sikumngoja Jeannot aniulize.

"Baba," niliita, "wageni wamefika."

"Ndiyo, mwanangu."

Sauti ilitoka nzito, ya mtu mzima, na pazia likafunguka. Mkeka ulikunjuliwa upya, mali ikawekwa juu yake, Jeannot akapiga makofi na kusema sasa amemwona aliyepanda ua. Tracy alikuwa analia chini ya kitambaa, kilio kingine. Shangazi Brigitte ndiye aliyetangulia kupiga vigelegele. Alipiga hadi sauti ikamkatika, kisha akaja mbele, akashusha magoti sakafuni, akapiga makofi mawili ya heshima.

"Aksanti, yaya," alisema.

Nilimtazama mtoto wake usoni. Baba aliinama, akamshika mikono yote miwili, akamwinua.

"Simama," alimwambia, "mudogo yangu."